Siku Kahawa Ilipomdondoka Buberwa Mdomoni

Haya nyie, wazima? Sogezeni benchi. Na wewe sista wa zamu ya mchana acha kuangalia saa, wagonjwa wako wanajua kupumua hata usipokuwepo. Mmesema Ta Novati, mzee wetu, umestaafu, tuachie maneno. Maneno ninayo, ya kujaza Fuso mbili na mengine yaning'inie nyuma. Ila kuandika ndio ugomvi. Shule niliifuata kidogo, nikaona inapanda mlima, nikarudi zangu. Kwa hiyo wekeni simu hapo mezani inase sauti, na atakayeandika aandike hivi hivi, asininyooshee.

Habari za vyeo msiniulize. Kazi yangu ilikuwa kusukuma machela, na machela haina ngazi ya kupanda. Nitawaambia habari za kiharusi, kwa sababu huo ugonjwa nimeugeuza ubavu kwa ubavu mpaka ukanijua jina.

Siku ya kwanza naingia wodi ya wanaume nimepewa koti la bluu, aliyelivaa kabla yangu sijui alikuwa mnara wa simu. Likawa linaburuza chini, wagonjwa wakasema huyu mpya ni mzuri, anatembea huku anadeki. Nikakabidhiwa kwa Ma Kokubanza, mhudumu mkongwe wa wodi ile. Mama mfupi, mnene, sauti yake ukiisikia uko Kayanga ujue yeye yuko Bugene ananong'ona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nguvu?"

"Ninazo."

"Una akili?"

Nikainama kukunja pindo la koti.

"Basi," akasema, "leta hizo nguvu. Akili nitakuazima mpaka upate zako."

Akanipeleka kwa mzee mmoja mkubwa, kitanda kinalia chini yake. Nusu ya mwili iko macho, nusu imelala. Mkono wa kulia na mguu wa kulia haviambiliki. Ma Kokubanza akanionyesha namna ya kumgeuza: ubavu huu, baadaye ubavu ule, kama anayekaanga maandazi. "Ukimsahau upande mmoja ataungua," akasema, maana yake vidonda vya kulalia. Halafu akanipiga kofi la mgongo, kwa sababu nilikuwa nimeshika mkono uliolegea niuvute. "Huo usiuvute hata siku moja! Bega linachomoka, na yeye hawezi kukuambia. Mshike mgongoni, kama unambeba mkwe."

Machela yetu nayo msinikumbushe. Ilikuwa na gurudumu moja la mbele lenye msimamo wake. Unasukuma kwenda kupiga picha ya kifua, lenyewe linataka jikoni. Nimewahi kumfikisha mgonjwa kwenye sufuria ya maharage mara nyingi kuliko kwa daktari, na wengine walishukuru.

Ila vita kuu ya Ma Kokubanza ilikuwa mlangoni, saa ya kuona wagonjwa. Nyie mnajua desturi yetu. Mgeni akiingia ndani, hata hajaulizwa kilichomleta, analetewa kakikapu ka akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna, zimechemshwa na majani zikaanikwa. Kumnyima mtu kahawa ni kumwambia simama uende. Sasa watu wakija kumwona mgonjwa wanakuja nazo mfukoni, na wakimpenda sana wanamtilia mdomoni. Mgonjwa wa kiharusi koo lake limesahau kazi. Kinachotakiwa kwenda tumboni kinapiga kona kwenye mapafu. Mtu amenusurika na kiharusi, anakuja kuuawa na shangazi.

Kwa hiyo Ma Kokubanza alikuwa anapekua. Mpaka sista amkalishe mgonjwa wima, amjaribu kwa kijiko cha maji, aone anameza bila kukohoa, hakuna cha kahawa wala uji wala nini. Nimemwona akitoa kahawa kwenye kilemba. Nimemwona akitoa kahawa kwenye soksi ya mtu wa heshima kabisa kanisani. Alizokusanya mwaka mmoja zingejaza meli, na meli ingezama.

"Mama, unatunyima hata salamu?" watu wanalia.

"Msalimie kwa mdomo wako, mdomo wake uache!"

Sasa miaka ikaenda, Ma Kokubanza akapumzika, akaniachia mlango. Na akaja Dokta Alinda, yule binti mwembamba mnayemjua, ana subira kama ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa na swali langu la siku nyingi. Nyumbani nilikua nikisikia kiharusi ni kitu unatupiwa na mtu mwenye kijicho, kinakukuta njiani. Basi siku moja tunakula ndizi nyuma ya jiko, nikamvaa.

"Dokta, hebu niambie kama unamwambia mbuzi. Mle kichwani kunatokea nini?"

Akacheka, akasema, "Ta Novati, kule hakuna chakula kinachowekwa ghalani. Ubongo hauna akiba. Damu inaleta sukari na hewa, seli zinakula palepale. Donge la damu likiziba mshipa, njaa inaanza hapo hapo."

"Donge linatoka wapi?"

"Damu ina nyuzinyuzi zake za kuziba kidonda. Zikijifuma mahali pasipotakiwa, zinakamata chembe za damu kama kiota kinavyokamata manyoya. Kiota kinasafiri, kinakwama kwenye mshipa mwembamba."

Akaendelea, na mimi ndizi zinapoa. Akasema kila seli ina pampu mlangoni, kazi yake kutoa chumvi nje. Njaa ikiingia pampu zinazimika, chumvi inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba kama mguu wangu ukishapanda Nyakahanga na kushuka. Halafu seli inayokufa inamwaga kemikali, inaitwa glutameti. Kwa kawaida seli zinaitumia kidogo kidogo kuongea. Sasa hii inaimwaga yote.

"Ni yowe," akasema Dokta. "Mmoja akipiga yowe, jirani anashtuka, naye anafungua milango, kalisiamu inaingia, inaamsha vimeng'enya, na hivyo vinaanza kula nyumba kutoka ndani. Naye anapiga yowe. Hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba."

"Kijiji chote hakina mwenye akili?"

"Wanakuja walinzi. Chembe za ulinzi za mwili. Ila wanachelewa, wanakuja na hasira, wanapiga kila wanayemkuta."

Nikasema, "Dokta, hao ni sungusungu! Mwizi ameshaondoka, wanampiga mwenye nyumba."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ameisoma miaka na hakuna aliyemweleza hivyo. Nikamwambia asome tena.

Halafu akaniambia neno ambalo sijaliacha. Akasema katikati pale seli zinakufa upesi, hizo basi. Lakini pembeni yake kuna zilizozimia tu, hazijafa. Zinasubiri. Saa zile za mwanzo ndio za kuziwahi. Ipo dawa ya kuamsha kitu kilichomo kwenye damu cha kukata zile nyuzi, donge likayeyuka, ila lazima kwanza mashine ipige picha ya kichwa. Maana wengine mshipa haukuziba, umepasuka, na ukimpa aliyepasuka dawa ya kuyeyusha umemmalizia.

"Na hayo mayowe hayana dawa?"

"Wanatafuta. Wako wanaotafuta dawa ya kunyamazisha yowe, wako wa kuwatuliza hao sungusungu wako, wako wa kusaidia seli zichipue upya. Nyingi zimeponya panya vizuri sana. Kwa binadamu bado zinagoma."

"Dokta," nikamwambia, "panya wa kwangu wana afya hiyo hiyo unayoisema, na hawajawahi kumeza kidonge."

Sasa ndio niwaambie habari ya Buberwa.

Buberwa wa Bugene ni rafiki yangu, mwalimu wa kwaya, na mdomo wake ulikuwa haupumziki hata akiwa amelala. Kazi yake ilikuwa kunichokoza. "Novati, miaka yote unasukuma watu, hakuna hata mmoja aliyefika?" Alikuwa na presha. Vidonge alipewa, akameza, akajisikia vizuri, akaviacha kwa sababu amejisikia vizuri. Mko wengi hapo mna baba zenu hivyo, msinicheke.

Sikukuu ya kipaimara tukaalikwa Isingiro, kwa kaka yake mkubwa, Ta Zakaria. Tumekula, watu wanashushia rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kakikapu ka kahawa kanazunguka. Buberwa akachukua kahawa, akatia mdomoni, huku anasimulia uongo wake mmoja. Katikati ya uongo, kahawa zikatoka pembeni mwa mdomo, moja moja, zikadondokea kwenye shati lake jeupe. Hakuzipangusa. Hakuziona.

Watu wakaangua kicheko. "Rubisi ya Zakaria imemweza!"

Mimi najua Buberwa hakugusa rubisi siku ile, alikuwa na soda yake. Na huku kwetu mtu anaweza kudondosha mtoto, kahawa hadondoshi. Nikamfuata.

"Buberwa, cheka."

Shavu moja likacheka, lingine likabaki limenuna.

"Inua mikono."

Mmoja ukapanda, mmoja ukashuka wenyewe kama mkia wa ng'ombe mgonjwa.

"Sema jina langu."

"Mma… mma…"

Nikageuka. "Gari! Nani ana gari?"

Ta Zakaria akanishika bega. Mzee mwenye heshima zake, kanzu, fimbo. "Novati, tulia. Mdogo wangu ametupiwa kitu hapa hapa, kwenye wingi wa watu. Yuko mzee nyuma ya kilima, anachanja, anakitoa. Hospitali baadaye."

"Ta Zakaria, hicho kitu ni donge la damu. Mayowe yameshaanza humo kichwani. Sungusungu wako njiani."

"Sungusungu gani tena?"

Nikaona hapa nikianza kueleza glutameti mtu wangu anazikwa. Nikasema, "Sawa mzee. Kesho twende kwa huyo mtaalamu wako, nitakushika mkono mimi mwenyewe. Leo niachie leo."

Akafikiri. Wakati anafikiri, shangazi mmoja kaja na kakikapu. "Mpeni kahawa nyingine azinduke, na maji ya moto!" Jamani, nilipiga kelele mpaka nikamsikia Ma Kokubanza mwenyewe anatoka kooni mwangu. "Mdomo wake uacheni!" Shangazi akakaa chini na kakikapu kake.

Ta Zakaria akasema, "Mchukueni."

Jirani alikuwa na Probox imejaa mikungu ya ndizi. Tukaishusha njiani kama tunatupa mawe, Buberwa tukamlaza ubavu siti ya nyuma, mimi nimemshika kichwa. Dereva akaikanyaga ile barabara ya vumbi, kuku tuliowapita wakabaki na mayai, manyoya yakatufuata sisi. Hospitalini Dokta Alinda akampima sukari, presha, akapiga simu hospitali kubwa kwamba tunakuja, na tukaondoka tena na gari la wagonjwa kwenda mbali, kwenye mashine ya picha ya kichwa.

Picha ikasema ni donge, hakuna kilichopasuka. Ila barabara ilikuwa imeshakula ile nafasi ya dawa ya kukata nyuzi. Daktari wa kule akatuambia taratibu, akampa zile za kuzuia donge lingine, akasema tumwangalie. Mkewe akakaa kwenye benchi akajifunika kitenge uso. Hapo sitanii, na nyie msicheke.

Akarudi Bugene hai. Mguu ukaja, na fimbo. Mkono ukaja nusu. Mdomo haukuja. Anaelewa kila kitu, ukimtania macho yanakujibu matusi yote, lakini sauti ni "mma" tu. Mtu aliyekuwa hanyamazi kwenye mazishi!

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo. Binti yake Kemilembe alikuwa ameshaposwa, wakwe wanakuja baada ya mavuno. Kwetu pale baba ndiye anayewakubali wageni kwa kinywa chake, halafu anawapa kahawa kwa mkono wake. Ta Zakaria akaja akasema kwa upole, "Mdogo wangu, mimi nitasimama badala yako. Nitasema kila kitu." Buberwa akavua kandambili akamrushia. Mkono mbovu, haikumpata, lakini ujumbe ulifika. Mkewe akanivuta pembeni: "Ta Novati, akisemewa siku hiyo, atajihesabu amekufa. Namjua."

Nikamfuata Dokta Alinda. "Zile zilizokufa zimekufa," akasema. "Lakini ubongo ni kama mgomba, Ta Novati. Ukikata shina, pembeni yanatoka machipukizi. Seli jirani zinatoa matawi mapya, kuna kemikali zinazoyalisha hayo matawi, na hizo ndizo wenzetu wanatafuta namna ya kuziongeza kwa dawa. Mpaka wapate, mbolea tuliyonayo ni mazoezi. Kila siku. Na mwimbisheni."

"Nimwimbishe? Hajui kusema maji!"

"Mwimbishe."

Basi jioni nikitoka kazini nakwenda kwa Buberwa. Nikaanzisha wimbo wa kanisani, vibaya, kwa makusudi, nikauua katikati. Akashindwa kuvumilia. Akauchukua mtu yule, akaimba mpaka mwisho, maneno yote yamenyooka! Mkewe akaangusha chungio. Nikamwambia, "Sasa sema: karibuni." "Mma."

Dokta akasema ndivyo ilivyo, nyimbo zinapita njia nyingine. Kuanzia hapo nyumba ile ikawa kanisa. Buberwa anaomba chai kwa sauti ya nne. Anamfukuza mbuzi kwenye maharage kwa wimbo wa mazishi. Mkewe akimjibu bila kuimba, anakasirika.

Nikamwambia Ta Zakaria, basi ataimba siku hiyo. Mzee akakataa katakata. "Binti hatolewi kwa nyimbo kama sadaka! Aseme, au niseme mimi."

Tukarudi kwenye mazoezi. Tunaanza na wimbo, tunaupunguza sauti kidogo kidogo mpaka libaki neno. "Ka… ka…" anatoka jasho. "Ka… kabati." Wiki ile tulikaribisha makabati ya Karagwe na Kyerwa yote. Halafu akafika "kari", akakwama hapo. Siku ya wakwe imefika, tuna "kari" mkononi, nusu ya neno.

Wakwe wakaja na ng'ombe wao wa mahari, wamejaa uwanja. Buberwa kwenye kiti, koti jipya, kakikapu ka kahawa magotini. Ta Zakaria nyuma yake anasafisha koo kama pikipiki inayowashwa asubuhi. Msemaji wa wakwe akapiga goti, kijana mnene, mdomo wa asali. Akamsifu bwana harusi. Kwamba ana kibanja cha migomba, kunguru akikikatiza anatua katikati apumzike. Kwamba ng'ombe zake zikishuka kunywa maji, mto unasimama. Kwamba hajawahi kuonja rubisi, hata harufu yake anaifahamu kwa kusimuliwa. Mimi mwenyewe, kwa kazi yangu hii ya kutia chumvi, niliona haya.

"Basi baba," akamaliza, "tunangoja kinywa chako."

Buberwa akafungua mdomo. "Ka…" Jasho likamtoka. "Kari…" Mkewe akafumba macho. Kemilembe, dirishani, ameshika nondo mbili kama mfungwa. "Ka…" Akafunga mdomo. Akainamisha kichwa.

Ta Zakaria akapiga hatua mbele, akainua fimbo. "Ndugu wageni, kwa niaba ya…"

Buberwa akainua uso. Akamtazama yule msemaji aliyepiga goti, akamtazama sana, shavu zima likaanza kutetemeka, na lile lingine likalifuata. Akasema, kwa sauti ya kuongea, haina wimbo, imenyooka kama kamba:

"Mwongo!"

Ta Zakaria akabaki na fimbo hewani. Mke wa Buberwa akapiga kelele. Kemilembe akapiga kigelegele dirishani, wanawake wote wa Bugene wakapokea, watu wanakumbatiana, mimi nalia kamasi na machozi. Wakwe wanatazamana, maana hawajawahi kutukanwa wakapigiwa vigelegele. Na Buberwa ameshanyoosha mkono wake ule mbovu, una kakikapu, anawapa kahawa. Amewakubali!

Lakini yule msemaji hakuuona mkono. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, na akabwata mbele ya ukoo mzima:

"Nisamehe baba, ng'ombe ni mmoja, na ndiye huyo tuliyekuja naye!"